Vijiti Vinne, Mtandao Hamna

Jioni shifti inapotoka, barabara ya mbele ya lango la eneo la viwanda la EPZ, Athi River, hujaa watu kwa dakika chache. Mshonaji mmoja amesimama kwenye kibanda cha chapati, simu mkononi, vijiti vinne vya mtandao vimejaa juu ya kioo. Programu ya M-Pesa inazunguka tu. Anazima data, anawasha. Inazunguka. Mwenye chapati ameshafunga mbili kwenye gazeti na anangoja, nyuma foleni inakua, na mshonaji anasema lile ninalolisikia kila wiki: "Simu yangu imezeeka."

Haijazeeka. Nasema hivyo kwa moyo wote, kwa sababu nimeona watu wakitoa mshahara wa siku kadhaa kununua simu nyingine, na jioni inayofuata wako palepale, wanazungusha.

Vijiti hupima jambo moja: simu yako inausikia mnara kwa nguvu kiasi gani. Haviwezi kukuambia kama mnara una nafasi ya kukuhudumia. Kila mnara umepewa kipande cha masafa, nao unakigawa kwa simu zote zilizo chini yake. Saa nane mchana wagawiwa ni wachache. Maelfu wakitoka kwa pamoja, kila simu iliyokaa kimya tangu asubuhi inaanza kuvuta picha za WhatsApp, video za magrupu na masasisho ya programu. Ni kama matatu ya abiria 14: unaiona vizuri, imesimama mbele yako, lakini viti vimejaa.

Dawa ya hapo ni kuiacha njia iliyosongamana. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 haikuhitaji intaneti hata kidogo, na njia ya namna hiyo bado ipo: piga *334#. Ombi lako litapita kwenye mkondo mwembamba ambao mnara hutumia kuwasiliana na simu, kando ya data. Usiku ukitulia, fungua mipangilio ya WhatsApp uzuie picha na video zisijipakue zenyewe ukitumia data ya simu. Na malipo yakikwama katikati, usitume tena kabla ya kuangalia salio. Ujumbe huchelewa wakati pesa imekwisha kwenda, na wengi hulipa mara mbili kwa namna hiyo.

Ndani ya godauni la kiwanda shida hugeuka. Huko nafasi kwenye mnara ipo, mawimbi ndiyo hayafiki. Sheria iliyoanzisha maeneo ya EPZ ni ya mwaka 1990, simu za mkononi zikiwa bado hazijaingia nchini, na paa la mabati liliwekwa kuzuia mvua na jua. Bati hurudisha mawimbi ya redio kama kioo kinavyorudisha mwanga. Michael Faraday alilionyesha jambo la jinsi hiyo mwaka 1836, alipojifungia ndani ya chumba alichokizungushia metali na umeme wa nje usimfikie. Kinachoingia godauni kinapitia mlangoni, madirishani na kwenye vile vipande vya paa vya plastiki vinavyoleta mwanga. Ndiyo maana hatua tatu kuelekea dirishani huleta tofauti ambayo simu mpya haileti.

Ukitaka kupima badala ya kubahatisha, kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Utaona nambari yenye alama ya kutoa. Karibu na -80 ni nzuri. Ikifika -110 unahangaika. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi, kwa hiyo kutoka -80 hadi -110 nguvu imepungua mara elfu. Simu iliyo katika hali hiyo hupiga kelele kuutafuta mnara kutwa nzima, na betri inakwisha ikiwa kabatini bila kuguswa. Iweke kwenye hali ya ndege kabla ya kufunga kabati. Ukitoka, iondoe, itajisajili upya kwenye mnara unaofaa.

Kisha, nyumbani, kuna waifai ya ploti, na hapa ndipo naona watu wakionewa zaidi. Ruta moja imetundikwa kwenye korido, vyumba vinalipia kwa saa au kwa siku. Mpangaji amelipa, simu imeandika "imeunganishwa," lakini hakifunguki kitu. Swali la kwanza ni moja: ya jirani inafanya kazi? Kama nayo imekwama, tatizo liko kwenye ruta au kwenye waya unaotoka nje, na hakuna utakachobadilisha kwenye simu yako kitakachosaidia. Nenda kwa mwenye ploti.

Kama ya jirani inafanya kazi, tazama tarehe. Simu iliyozimika betri hadi ikapoteza saa inaweza kuamka katika mwaka mwingine, nayo itazikataa tovuti salama kwa sababu vyeti vyake vitaonekana vimekwisha au havijaanza. Ikikwama kwenye "inapata anwani ya IP," huenda ruta imeishiwa anwani za kugawa. Ruta ndogo kwa kawaida haina zaidi ya 253, mara nyingi imepangiwa pungufu ya hapo, na anwani ya mgeni aliyeondoka asubuhi inaweza kubaki imeshikiliwa hadi kesho.

Sasa lile linalozua ugomvi. Mifumo mingi ya kuuza waifai humtambua mteja kwa anwani ya maunzi ya simu yake, yaani anwani ya MAC. Lakini tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu nyingi hujipa anwani ya kubuni kwa kila waifai, ili mwenye simu asifuatiliwe. Ni ulinzi mzuri. Ila anwani hiyo ikibadilika, ruta inakuona mgeni na muda uliolipia unapotea. Mpangaji anadhani ameibiwa. Mwenye ploti anaapa hajapokea kitu. Fungua maelezo ya waifai hiyo, tafuta sehemu ya faragha au anwani ya MAC, na uchague ile ya kifaa kwa waifai hiyo peke yake, kabla ya kulipa. Kwingine iache ya kubuni. Na ukishalipa, usikimbilie "sahau mtandao," maana kwenye baadhi ya simu hatua hiyo huzaa anwani mpya.

Ukienda kudai, beba picha ya skrini yenye anwani ya MAC ya simu yako pamoja na ujumbe wa malipo. Anayesimamia ruta anaweza kuyatafuta malipo yako kwenye orodha yake na kukurudishia saa zako.