Majina ya Vitani na Majina ya Nyumbani: Nyaraka za Jeshi katika Kutafuta Nasaba

Makanyagio ni kata mojawapo ya mji wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi. Mji wenyewe si wa kale. Ulikua hasa baada ya njia ya reli itokayo Kaliua kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na mgodi wa madini ya risasi ulipokuwa ukifanya kazi katika miaka ya 1950. Wakaazi wake ni Wakonongo, Wabende, Wapimbwe, Wafipa, Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo. Kwa hiyo ni nadra huko kukuta kaburi la babu wa babu karibu na nyumba ya kitukuu. Mtu atakaye kuijua nasaba yake hana budi kuuliza njia walizopita wazee wake, na mojawapo ya njia hizo ni vita.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya swali nililoulizwa huko na mzee mmoja, ambaye kwa heshima yake sitamtaja jina. Kaka wa bibi yake alikwenda katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wala hakurudi. Haikujulikana kama alikufa au kama alilowea katika nchi nyingine, na kwa hiyo ukoo haukumfanyia matanga. Mzee huyo alisikia kwamba majeshi yaliweka daftari za majina ya watu wao, akataka tumtafute humo. Mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni lugha. Lakini katika kumsaidia niliona kwamba sehemu kubwa ya shida ya utafiti wa namna hii ni shida ya lugha, nayo ndiyo nitakayoieleza hapa.

Kwanza yafaa tujue ni majeshi gani yaliyochukua watu katika sehemu hizi. La kwanza ni jeshi la Wajerumani, lililotokana na askari waliokusanywa na Wissmann mwaka 1889, na likawa jeshi la serikali ya koloni mwaka 1891. Askari wa mwanzo wengi walitoka Sudani na Msumbiji. Baadaye waliandikishwa wenyeji, na miongoni mwao Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi. La pili ni jeshi la Waingereza liitwalo King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, ambalo wazee wengi waliliita Keya kwa kuzifuata herufi zake tatu. Kikosi chake cha sita kiliundwa upya mwaka 1917, na wengi wa askari wake walikuwa wametumikia Wajerumani kabla ya kutekwa. La tatu ni jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, lililovuka mpaka mwaka 1916, likaishika Kigoma, kisha likaingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo.

Msomaji ataona mara moja kwamba mtu mmoja aliweza kuwamo katika daftari za majeshi mawili yaliyopigana. Ataona pia kwamba maneno “alikwenda vita vya Mjerumani” hayatuambii alikuwa upande gani. Hilo ni jina la vita, kama vile “vita vya Hitla” lilivyo jina la vile vya 1939 hadi 1945, ambavyo watu wa Tanganyika wapatao 87,000 walivitumikia, wengine wakafika Bukini na Bama. Jina la vita hutupa wakati tu.

Daftari zenyewe ziko wapi? Za Wajerumani ziliharibika sana. Mwezi wa Aprili 1945 mji wa Potsdam ulipigwa mabomu, na hifadhi ya nyaraka za jeshi iliyokuwa huko ikateketea. Zilizosalia ni mafaili ya wizara ya makoloni yaliyoko Berlin, pamoja na mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyoachwa nchini, ambayo sasa yamo katika Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam. Za Waingereza ziko Kew, karibu na London, na humo mna daftari za medali. Mwenye medali ya Vita vya Kwanza ya Kiingereza nyumbani aitazame pembezoni, kwani mara nyingi imechorwa namba, jina na kikosi cha mwenyewe. Namba hiyo ni bora kuliko jina, maana akina Juma ni wengi, lakini namba ya kikosi ni ya mtu mmoja. Nyaraka za Kongo ya Wabelgiji zimehifadhiwa Brussels.

Sasa tuje kwenye majina. Jina lililomo katika daftari limepita mahali patatu: kinywani mwa aliyelitaja, sikioni mwa aliyelisikia, na katika kalamu ya aliyeliandika. Kila mahali liliweza kubadilika.

Tuanze na kalamu. Mjerumani aliandika sauti za Kiswahili kwa desturi ya lugha yake. Tukitazama ramani zake twakuta Moschi, Aruscha, Bagamojo, Udjidji, Kilossa, Muansa na Unjamwesi. Katika majina haya saba ya miji na nchi tunazozijua twapata ufunguo wa majina ya watu tusiowajua. Sauti ya sh huandikwa sch, basi Shabani atafutwe pia katika Schabani. Sauti ya y huandikwa j, basi Ayubu huweza kuwa Ajubu, na Yusufu akawa Jussufu. Sauti ya j huandikwa dj au dsch, hivyo Juma huwa Djuma. Na ch huwa tsch. Herufi s iliyo peke yake mbele ya irabu Mjerumani huisoma z, na ndiyo sababu aliandika Unjamwesi kwa s moja na Kilossa kwa mbili. Kwa hiyo Saidi na Zaidi, ambao kwetu ni watu wawili, katika daftari huenda wakaandikwa sawasawa. Mwandishi aliyezoea Kifaransa naye aliandika ou mahali pa u, akageuza hata herufi ya kwanza ya maneno kama Uvira na Ujiji. Mtu anayetafuta jina kwa mpangilio wa alfabeti, akaishia kwenye herufi ya kwanza aijuayo, atasema jina halimo nalo limo.

Tuje kwenye sikio. Katika Kinyamwezi na lahaja zilizo karibu nacho, l na r si sauti mbili za kutofautisha maana. Mwenye jina hakuona tofauti, lakini mwandishi aliona, naye akachagua mojawapo. Vivyo hivyo sauti ya ng' mwanzoni mwa neno, kama katika Ng'wana, iliwasumbua wageni. Twaikuta Ngwana, na wengine waliifanya Mwana ili ifanane na Kiswahili. Kanuni ni hii: kabla ya kwenda kwenye daftari, andika jina kwa kila namna ambayo mgeni angeweza kulisikia, kisha utafute namna zote.

Kinywa ndicho chenye mambo makubwa zaidi. Watu wengi wa bara walipoingia jeshini au katika misafara walijipa au walipewa jina la pwani. Aliyeitwa nyumbani kwa jina la ukoo akawa Ali, Hamisi au Feruzi. Jina la baba, lililofuata baada ya “bin”, huenda nalo likawa la pwani, au likawa la mjomba aliyemlea. Tena karani wa Kizungu alilidhania jina la pili kuwa jina la ukoo kama kwao, akaliweka mbele. Hata kabila halikusalimika. Mtu yeyote wa magharibi aliweza kuandikwa Mnyamwezi, hata akiwa Mkonongo au Mbende, kwa kuwa jina hilo ndilo lililojulikana. Na mahali pa kuzaliwa pengine pameandikwa jina la mtemi tu. Kijiji nacho huenda hakipo tena, kwa sababu katika miaka ya 1920 na 1930 watu wengi wa nchi hizi walihamishwa wakakusanywa mahali pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale.

Kwa haya yote, kufanana kwa jina hakutoshi. Nashauri mtafiti asikubali mtu wa daftarini kuwa ni babu yake mpaka zipatane dalili tatu walau: jina katika mojawapo ya namna zake, mtemi au mahali alipotoka, na kikosi au mwaka. Kama ukoo ulikuwa wa Kikristo, daftari za ubatizo za misheni zaweza kusaidia. Misheni ya Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, iliingia mikononi mwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Anayeshika jina kwa kuwa lafanana tu atakuwa amemchukua mgeni kumfanya mzee wa ukoo, na watoto watapewa jina la mtu asiyewahusu.

Hapo ndipo tulipokwama mimi na yule mzee. Tulikuwa na akina Hamisi watatu, na hakuna aliyetimiza dalili tatu. Ndipo aliponipeleka kwa shangazi yake, bibi wa miaka mingi ambaye kusikia kwake kulikuwa kumepungua, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Nilimwuliza jina la yule mjomba la vitani. Akanijibu: “Mwanangu, jina la vitani silijui. Mama alisema tu, alichukuliwa na Bulamatari, akabebeshwa.”

Katika sentensi hiyo mna habari mbili ambazo hatukuzipata katika karatasi yoyote. Ya kwanza ni Bulamatari. Hilo ndilo jina ambalo watu wa Kongo waliipa serikali ya Wabelgiji, nalo lilivuka ziwa pamoja na askari wao. Kumbe sisi tulikuwa tukitafuta kwa Wajerumani na Waingereza. Ya pili imo katika kitenzi. Bibi hakusema “akaandikishwa”, wala “akaingia”, bali “akabebeshwa”. Mzizi ni beba. Kiambishi cha kutendesha chatuonyesha kwamba yuko aliyemlazimisha, na kiambishi cha kutendwa kwamba yeye hakuwa na hiari. Basi hakuwa askari. Alikuwa mpagazi.

Tofauti hii ni kubwa sana kwa mtafiti. Askari alikuwa na namba, mshahara na cheti. Wajerumani walipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, askari wao 1,168 walihesabiwa mmoja mmoja. Inasimuliwa kwamba Ujerumani ya Magharibi ilipotaka kuwalipa wazee hao malimbikizo yao mwaka 1964, wengi waliofika Mwanza hawakuwa na vyeti. Wakapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya bunduki, nao wakafanya bila kukosea. Lugha ya amri ikawa ndiyo cheti chao. Wapagazi hawakuwa na amri za kukumbuka. Wengi walihesabiwa kwa mizigo, si kwa majina. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliokufa wakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Jina la Kariakoo, la Dar es Salaam na la Nairobi, latokana na kikosi chao. Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba waliotumikia dola ya Kiingereza katika vita vile, wakafa, na majina yao hayakuandikwa penye kumbukumbu, au hawakukumbukwa kabisa, si chini ya 116,000, na huenda wakafika 350,000. Wengi wao ni Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 yawakumbuka wote, lakini haimtaji hata mmoja.

Niliporudi kwa yule mzee nilimweleza kwamba jina la kaka wa bibi yake huenda lisipatikane kamwe, ila njia yake twaweza kuikadiria: majeshi ya Wabelgiji yalipita kwenda Tabora mwaka 1916, na mwaka uliofuata yakaelekea Mahenge, na wapagazi walikwenda nayo. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi, Mwalimu, tulikuwa tukimtafuta kwenye bunduki, kumbe alikuwa chini ya mzigo.” Baadaye ukoo ulikutana, matanga yakafanywa, na watoto wakaambiwa habari hiyo kama ilivyo, pamoja na neno “akabebeshwa”.

Kwa hiyo nashauri utafiti uanzie nyumbani, si katika hifadhi. Waulizeni wazee, na mwayaandike maneno yao kama walivyoyasema, bila kuyasahihisha yafanane na Kiswahili cha vitabuni. Kama mzee amesema Keya, msiandike “jeshi”. Kama amesema Bulamatari, msiandike “Wazungu”. Kama amesema alibebeshwa, msiandike “alijiunga”. Neno alilolichagua ndilo litakalowaambia mwende Dar es Salaam, Kew, Berlin au Brussels. Daftari zilizosalia zitaendelea kuwako katika hifadhi zao. Yule bibi wa Makanyagio alifariki kabla sijapata nafasi ya kumwuliza swali la pili.