Dawa ya Ganzi ya Kupaka Nayo Ina Kipimo

Shule zinapofungwa mwezi Juni, baridi ya Mlima Meru ikiwa imetanda, wazazi wengi hapa Kimandolu hupanga kuwatahiri watoto wao. Ndipo sisi wa kamati ya msikiti tunapoulizwa baada ya swala: je, inafaa kumpaka mtoto dawa ya ganzi nyumbani, ili akifika hospitali asiumie? Swali hilo linatokana na huruma, na jibu lake linamhusu pia mama mwenye mtoto anayeota meno na mzee mwenye bawasiri.

Wengi wetu tunaamini kuwa dawa yenye hatari ni ya kumeza au ya sindano, na kwamba ya kupaka huishia juu ya ngozi. Sivyo ilivyo. Mwaka 1997, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah na kuorodhesha mambo yasiyobatilisha saumu, lilitaja vinavyofyonzwa na ngozi, kama mafuta, malhamu na plasta zenye dawa. Wanazuoni walitambua kuwa vitu hivyo huingia mwilini, ila havifunguzi. Kutofunguza, ndugu msomaji, hakuna maana ya kutodhuru.

Dawa ya ganzi inayotumika zaidi ni lidokaini, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren. Huizuia neva isipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo. Ikipakwa kidogo juu ya ngozi nzima, hufanya kazi pale pale kisha huisha. Ikiingia kwa wingi katika damu, zuio lile lile huufikia ubongo na moyo. Dalili za mwanzo ni ganzi ya midomo na ulimi, masikio kuvuma, kizunguzungu na kutetemeka. Baadaye huja degedege na moyo kupiga ovyo.

Mambo yanayoifanya iingie kwa wingi yanajulikana: kupaka eneo kubwa, kupaka penye mchubuko au palipoungua, kufunika kwa nailoni, kupasha joto, na kuiacha muda mrefu. Mwaka 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo vya wanawake wawili, wa miaka 22 na 25. Walijipaka miguuni dawa kali ya ganzi kabla ya kuondolewa nywele, wakaifunika kwa nailoni. Walipatwa na degedege, wakapoteza fahamu, kisha wakafariki. Hawakumeza kitu wala kuchomwa sindano.

Kwa mtoto anayeota meno, tahadhari ni kubwa zaidi. Jeli nyingi za fizi zina benzokaini, ambayo inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Mwaka 2018 mamlaka hiyo hiyo iliwataka watengenezaji waache kuziuza kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 2. Mtoto aliyedhurika hupumua kwa shida, hulegea, na hugeuka rangi ya kijivu au samawati. Kwa ngozi zetu nyeusi, rangi hiyo itazamwe ndani ya midomo, kwenye fizi na kwenye kucha. Badala ya jeli, mama amkande mtoto fizi kwa kidole kilichooshwa vizuri, au ampe kitu safi cha kung'ata kilichopozwa, kisichoganda barafu.

Kuhusu tohara, jibu letu ni kwamba mzazi asipake chochote nyumbani. Mtaalamu huchagua ganzi kwa kupima uzito wa mtoto, na kilichopakwa mapema hujumlishwa na kitakachochomwa. Ikiwa tayari umepaka, mwambie bila kuona haya. Zipo krimu za lidokaini na prilokaini zinazotumika hospitalini. Kwa mtoto wa chini ya miezi 3 kipimo chake hakizidi gramu 1, katika eneo la sentimita 10 za mraba, kwa muda usiozidi saa moja. Eneo hilo ni kama nusu ya uso wa kisanduku cha kiberiti.

Mwenye bawasiri afuate maelezo ya dawa yake, na akitokwa na damu apimwe. Ganzi huficha maumivu, haiondoi ugonjwa. Wanaume wanaouziwa kwa siri dawa za kupuliza zisizo na maelezo wajue kuwa nyingi za aina hiyo huwa na ganzi hii hii.

Tununue kwenye famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, si kwa wachuuzi wenye vikopo visivyo na lebo. Tumweleze muuzaji umri na uzito wa mgonjwa, maradhi ya moyo kama yapo, na dawa nyingine anazotumia, hasa seputrini na dapsoni. Baada ya kupaka tunawe mikono, na dawa iwekwe mbali na watoto.

Dalili tulizozitaja zikijitokeza, ifutwe dawa yote mwilini na mgonjwa akimbizwe hospitali mara moja. Ichukuliwe na tyubu yenyewe, ili muuguzi ajue ni dawa gani na imepakwa kiasi gani. Allah awahifadhi watoto wetu. Wabillahi tawfiq.