Kuku wa dola tano kule Marekani: juu ya nini bei haipandi?

Picha za namna hii zinazunguka sana ku telefoni: ndugu aliyehamia Marekani ameshika kuku mzima, amechomwa tayari, bado anatoa moshi, na chini ameandika «dola tano tu». Mtu anayejua bei ya kuku sokoni Virunga ama Kadutu anajiuliza: kama nyama ni rahisi hivyo, juu ya nini huyu ndugu anasema kila mwezi hana franga ya kututumia? Swali hilo linaweza kuleta kinyongo ndani ya familia, basi tulifungue kidogo.

Anayejulikana zaidi kwa kuku huyo ni Costco, kampuni yenye maduka makubwa kama depo, ambamo mchele, mafuta na sabuni vinauzwa kwa wingi. Kuku ana kilo 1.4 hivi, bei ni dola 4.99, na haijabadilika tangu 2009. Vitu vingine vingi vimepanda, yeye hapana.

Kuku huyo ni chambo. Mwaka wa 2015, Richard Galanti, mkuu wa fedha wa kampuni wakati ule, alieleza kwamba wako tayari kuacha dola milioni 30 mpaka 40 kwa mwaka ili bei isipande. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Kuku anawekwa nyuma kabisa ya duka, na mwenye kumfuata anapita mbele ya televizyo, nguo, matairi. Aliingia kwa dola tano, anatoka amelipa mia moja na zaidi. Tena, kununua mle unahitaji karta ya uanachama: tangu Septemba 2024 ni dola 65 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya faida ya kampuni inatoka ku karta hizo. Ukihesabu vizuri, mtu anayenunua kuku watano tu kwa mwaka amelipa kila mmoja karibu dola 18.

Mwaka wa 2019 kampuni ilifungua pia kiwanda chake cha kuku pale Fremont, jimbo la Nebraska, chenye uwezo wa kuchinja milioni 100 hivi kwa mwaka. Wafugaji wa kule wanajenga mabanda kwa deni yao wenyewe. Vifaranga na chakula vinatoka kwa kampuni. Deni ya banda inabaki kwa mfugaji, hata kama bei ya dukani inafurahisha watu.

Kwa familia zinazopata msaada wa chakula kuna jambo lingine. Msaada wa chakula wa serikali ya Marekani, kwa kawaida, haulipii chakula kilichopikwa na kuuzwa kikiwa moto. Kuku yuleyule, akishapoa na kuwekwa ku frigo ya duka, anaweza kulipiwa. Mama mwenye watoto anasikia harufu yake mlangoni, na anaenda kutafuta wa baridi.

Na tusisahau: kuku ni sehemu ndogo ya matumizi. Kodi ya nyumba kule, hata katika miji midogo, inahesabiwa kwa mamia ya dola kila mwezi, mara nyingi inapita elfu moja. Kwa kodi hiyo hakuna duka linaloweka chambo.