Kompyuta ya Magemu Ikigoma Kuwaka

Desemba 2019, watafiti kutoka Birmingham, Graz na Leuven walitangaza shambulio walilolipa jina la Plundervolt. Programu yenye mamlaka ya juu ndani ya kompyuta, walionyesha, inaweza kushusha volti ya prosesa ya Intel hadi ikaanza kukosea hesabu, na makosa hayo yakawa njia ya kuiba siri zilizofungiwa ndani yake. Intel ikatoa marekebisho ya kuziba upenyo huo, yaliyofunga njia ya kushusha volti kwa programu. Walionung'unika ni wacheza magemu. Wao walikuwa wakishusha volti ili kupunguza joto la kompyuta mpakato, maana humo prosesa na kadi ya picha zimebanana kwenye bodi nyembamba.

Baadhi yao wakashuka ngazi moja chini, kwenye programu dhibiti, ile ambayo wengi bado wanaiita BIOS ingawa siku hizi ni UEFI. Mtengenezaji huficha menyu nyingi, lakini mipangilio yenyewe imo, kila mmoja kwenye baiti yake. Anayeijua namba ya baiti huibadilisha kwa programu ndogo inayowashwa kutoka kwenye flashi. Ila toleo jipya la programu dhibiti laweza kuzihamisha baiti hizo, na namba iliyofungua volti katika toleo la zamani sasa ikazima kadi inayolisha skrini. Taa zinawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi tii.

Cha kwanza ni kusubiri. Ukibadilisha mipangilio ya RAM, mashine hupima upya mwendo wa mawimbi ya umeme kati ya prosesa na kumbukumbu, na kazi hiyo, hasa kwa DDR5, yaweza kuchukua dakika kadhaa bila picha yoyote. Ukikata umeme katikati, itaanza tena. Jaribu pia skrini ya nje: kwenye laptopu kadhaa tundu la HDMI limeungwa moja kwa moja na kadi ya magemu, kwa hiyo picha yaweza kutokea huko, ukaingia kwenye menyu na kurudisha mipangilio ya kiwandani.

Halafu kuna ushauri maarufu: chomoa betri ya saa. Asili yake ni IBM PC/AT ya 1984, ambayo mipangilio yake ilikaa kwenye chipu ya Motorola yenye baiti 64 tu, 14 kati yake zikiwa za saa, na vyote viliishi kwa umeme wa betri. UEFI huandika mipangilio kwenye chipu ileile ya flashi inayotunza programu dhibiti, na flashi haihitaji umeme ili ikumbuke. Mashine nyingine zikigundua saa ilikatikiwa umeme hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, nyingine hazijali. Jaribu, ukianza kwa kuchomoa chaja na betri kubwa, ila usishangae kosa likibaki palepale.

Njia za kuokoa za watengenezaji, kama vitufe vya Windows na B kwa HP nyingi au Ctrl na Esc kwa Dell, husoma faili safi na kuandika upya programu dhibiti. Nyingine huiacha sehemu ya mipangilio kama ilivyo, na ugonjwa uko hukohuko.

Hapo ndipo inapobaki klipu ya miguu minane ya kubana chipu hiyo ya flashi, na kifaa cha kuiandikia. Fundi anayetangaza mazabodi imekufa kabla hajaisoma chipu, mimi simwamini. Kwanza asome maandishi yaliyo juu yake: kuna za volti 3.3 na za 1.8, na ya 1.8 ikipewa 3.3 inaweza kuungua. Aisome mara mbili, alinganishe faili hizo hadi zifanane kabisa, na nakala aihifadhi. Ndani yake mara nyingi mna namba ya mashine, anwani ya kadi ya mtandao na, tangu enzi ya Windows 8, ufunguo wa leseni. Ndiyo maana kumwaga humo faili nzima ya mashine ya mtu mwingine ni ufundi mbovu hata kama skrini itawaka. Kinachotakiwa kusafishwa ni eneo la mipangilio peke yake.

Ikishawaka, Windows yaweza kukataa kuendelea hadi uingize ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, wenye tarakimu 48, kwa kuwa chipu ya ulinzi imeona programu dhibiti imeguswa. Kwa kompyuta za nyumbani ufunguo huo kwa kawaida huwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, na unaweza kuusoma kwa simu.