Mafuta ya Kukaangia Nayo Huchoka

Ni nani kati yetu asiyependa andazi la moto, au samaki aliyekaangwa akakauka vizuri? Hapa Nsemulwa, na kote mjini Mpanda, wako akina mama na vijana wanaoamka alfajiri kuwasha mkaa, kuinjika karai na kukaanga maandazi, sambusa na viazi. Hiyo ndiyo riziki yao, na wengi wetu tumelipiwa madaftari kwa kazi hiyo. Lakini mafuta ni ghali. Kwa hiyo yaliyobaki jana hutumiwa leo, na ya leo huwekwa kwa ajili ya kesho. Basi yafaa tujue mafuta hayo yanapatwa na nini.

Watu wengi hudhani kuwa mafuta ni kama maji, ambayo yakichemshwa kisha yakapoa huwa yale yale. Sivyo. Mafuta hubadilika kila yanapopata moto, wala hayarudi kuwa mapya. Maadui wake ni watatu.

Adui wa kwanza ni maji. Kiazi kibichi kikitiwa katika mafuta ya moto, twasikia kelele na kuona mapovu. Ni maji ya kiazi yanageuka mvuke. Mvuke huo huyavunja mafuta, tindikali zake zikatoka. Tindikali zikizidi, mafuta hutoa moshi mapema, hata kabla ya joto la kukaangia, ambalo ni kama digrii 170 hadi 180 za Sentigredi.

Adui wa pili ni hewa. Oksijeni ikishikana na mafuta ya moto huyachachusha. Vitamini E, iliyo mlinzi wa mafuta, huliwa kwanza. Ikiisha, uharibifu huenda mbio.

Adui wa tatu ni joto lenyewe. Chembe za mafuta huungana zikawa kubwa, na mafuta yakawa mazito. Ule utando unaonata kama gundi ukingoni mwa karai ndio ushahidi wake. Chakula kikaangwacho katika mafuta mazito hunywa mafuta mengi, kwa hiyo hata mwuzaji hapati faida aliyoitazamia.

Tena mafuta hayalingani. Mafuta ya kawaida ya alizeti, zao linalolimwa katika mkoa wetu wa Katavi, hushikana na oksijeni upesi kuliko mawese yatokayo Kigoma. Mawese nayo hupoteza wekundu wake kwa moto, na mafuta yaliyokaanga samaki hufanya weusi haraka. Basi mtu asitazame rangi peke yake. Atazame dalili zote pamoja: moshi wa mapema, povu lisilotulia, uzito, harufu kali, na ladha chungu. Zikionekana, mafuta hayo yamekwisha kazi.

Je, madhara ni nini? Katika majaribio, panya waliolishwa mafuta yaliyorudiwa kupashwa moto mara nyingi walipanda shinikizo la damu, na mishipa yao ikadhurika. Moshi nao una kitu kiitwacho akrolini, ambacho huchoma macho na koo. Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba moshi wa kukaanga kwa moto mkali huenda ukasababisha saratani. Kwa hiyo anayehatarishwa kwanza si mnunuzi, bali ni mpishi mwenyewe aliyeinamia karai saa nyingi.

Huenda mtu akauliza, "Basi tukaange mara ngapi?" Hakuna hesabu moja, kwa kuwa chakula, moto na mafuta hutofautiana. Ufaransa hupima mafuta kwa vyombo, na yakizidi sehemu 25 za kemikali za kuharibika kwake katika kila 100, hayaruhusiwi kutumika tena. Sisi tusio na vyombo hivyo tunaweza kufanya haya:

1. Tumia karai dogo na mafuta ya kutosha kazi ya siku, ili yasibaki mengi.
2. Kausha chakula kabla ya kukitia, na chumvi uitie baada ya kukaanga.
3. Punguza mkaa mafuta yanapoanza kutoa moshi, na uyaepue kazi ikiisha.
4. Yakipoa, yachuje kwa kitambaa safi, maana makombo huungua tena na tena. Kisha yafunike, mbali na jua.
5. Usichanganye mafuta mapya na yaliyoharibika. Hayo mabovu huyaharibu mazuri.
6. Weka mafuta mapya kidogo katika chupa ndogo, uyalinganishe na yale ya karai kila siku.

Mafuta yaliyochoka yasimwagwe mtaroni. Wenye ujuzi huyatengenezea sabuni, na hivyo hasara hupungua.

Wahenga walisema, "Rahisi inavunja upishi." Sisi wanunuzi tuna wajibu pia. Tukitaka andazi kwa bei ya chini kabisa kila siku, twamlazimisha mpishi kurudia mafuta. Afadhali kuongeza senti kidogo kwa yule atumiaye mafuta mazuri, akapata faida yake, nasi tukapata chakula kisichotudhuru.