Tarakilishi Inapokataa Kuamka: Hitilafu za Kipakizi Linux Inaposakinishwa Kando ya Windows

Mtafiti wa Kiswahili anayekusanya data baina ya Busia na Malaba, akiwa amepanga chumba Amukura, huwa na mali mbili asizoweza kuzipoteza: kinasasauti na tarakilishi pakatwa. Ndani ya tarakilishi hiyo mna mahojiano ya wachuuzi wa mpakani wanaochanganya Kiteso, Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja. Mna unukuzi wake na rasimu ya tasnifu. Aghalabu mashine yenyewe ni ya mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za umri huo hazitimizi masharti ya Windows 11, mathalan lile la kuwa na kisilikoni cha usalama cha TPM 2.0. Si ajabu basi mwenyewe akaamua kusakinisha Linux kando ya Windows aliyoizoea, ili diski moja ikae mifumo endeshi miwili. Usakinishaji huendelea vyema hadi hatua ya mwisho. Hapo kiwambo hutangaza kuwa kipakizi kimeshindwa kusakinishwa, au hakitangazi lolote, na mashine ikiwashwa upya haiamki.

Neno kipakizi linahitaji maelezo, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili hawakosi kuuliza istilahi imetoka wapi. Juhudi za kuitia Kiswahili programu huria si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na mtu akaweza kuandika barua akitazama menyu za Kiswahili. Hata hivyo, juhudi za aina hiyo zilishughulikia zaidi madirisha yanayoonekana mashine ikiwa imekwisha kuamka. Ujumbe unaotokea kabla ya hapo, ule mweupe juu ya weusi, umebaki kwa Kiingereza cha wahandisi. Katika makala haya, programu ndogo inayoitwa kwanza na mashine, ikautafuta mfumo endeshi na kuupakia kwenye kumbukumbu, itaitwa kipakizi. Mwingine anaweza kupendelea kianzishi. Ubaya wa kianzishi ni kwamba hakielezi kazi inayofanywa, na atakayeelewa kazi hiyo ndiye atakayeitambua hitilafu.

Mashine inapowashwa haijui Windows wala Linux. Inachojua ni programu iliyotiwa kiwandani katika kisilikoni cha ubao mkuu, nayo ndiyo humtafuta kipakizi. Ziko njia mbili za kumtafuta. Ya zamani ni BIOS: husoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Kati ya hizo 446 ni za kipakizi, 64 ni za jedwali la vizigeu, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha. GRUB, kipakizi kinachotumiwa sana na Linux, hakienei katika baiti 446. Kwa hiyo huweka kipande kidogo hapo, na kipande kikubwa katika nafasi tupu iliyo kabla ya kizigeu cha kwanza. Njia mpya ni UEFI. Hii haijali sekta ya kwanza. Hutafuta kizigeu maalumu chenye mfumo wa faili wa FAT, ambamo kila mfumo endeshi una folda yake na faili yake ya kipakizi. Kisha huhifadhi katika kumbukumbu ya ubao mkuu orodha ya nani aitwe kwanza.

Mkazi wa Amukura ana mfano wa jambo hili mlangoni pake. Karibu naye kuna vituo viwili vya mpakani, Busia na Malaba, na shehena iendayo Uganda yaweza kupitia kimojawapo. Lori ambalo hati zake zimewasilishwa Malaba, dereva akalipeleka Busia, halitavuka, hata kama hati hazina kasoro na mzigo ni halali. Ndivyo ilivyo pale Windows iliposakinishwa kwa UEFI, kisha flashi ya Linux ikaamshwa kwa BIOS. Programu ya usakinishaji hufuata njia iliyoamshwa nayo: hukiandika kipakizi katika sekta ya kwanza, ilhali ubao mkuu unakitazamia katika kizigeu cha FAT. Matokeo huwa mawili. Ama usakinishaji unakwama ukilalamika kuwa hakuna mahali pa kukipachika, kwa sababu diski ya mtindo mpya wa GPT haina ile nafasi tupu ya zamani. Ama unakamilika kwa amani, na mashine ikiwashwa huingia Windows moja kwa moja kana kwamba Linux haikuwahi kufika.

Kosa hili latambulika kabla halijatendeka, na inasikitisha kwamba miongozo mingi hulitaja mwishoni. Flashi ikishaamka, kabla ya kusakinisha lolote, mtumiaji afungue dirisha la amri na kutazama kama ipo folda /sys/firmware/efi. Ikiwapo, flashi imeamka kwa UEFI. Isipokuwapo, imeamka kwa BIOS. Upande wa Windows, programu ya msinfo32 hueleza ni njia ipi inayotumika. Majibu yakitofautiana, azime mashine, aingie katika menyu ya uamshaji, kisha aichague flashi ileile kwa jina lenye neno UEFI mbele yake.

Kosa la pili ni dogo kwa umbo lakini limewaliza wengi. Katika usakinishaji wa BIOS, programu huuliza kipakizi kiandikwe katika diski gani. Diski ya mashine na flashi huonekana kwa majina yanayokaribiana, sda na sdb, na herufi hizo hazina ahadi: flashi yaweza kuwa sda leo na sdb kesho. Anayechagua kwa haraka hukiandika kipakizi kwenye flashi. Ikiwa bado imechomekwa, kila kitu hufanya kazi, na mwenyewe hufurahi. Akiichomoa, Linux haiamki tena. Dawa ni kutazama ukubwa badala ya jina, maana flashi ya GB 8 haiwezi kudhaniwa diski ya GB 500.

Kuna wakati kipakizi hupatikana nusu. Kiwambo huonyesha maneno grub rescue na kusubiri. Maana yake ni kuwa kipande cha kwanza kimeamka lakini hakikioni kizigeu chenye sehemu iliyobaki, pengine kwa kuwa kizigeu kilifutwa au kubadilishwa nambari. Hapa hakuna sababu ya kufuta chochote. Amri ls huorodhesha vizigeu. Kila kimoja hukaguliwa hadi kipatikane chenye folda ya /boot/grub. Tuseme kimepatikana katika (hd0,msdos5). Huandikwa set root=(hd0,msdos5), kisha set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub, kisha insmod normal, na mwisho normal. Menyu hurudi. Lakini huo ni uokozi wa safari moja. Linux ikishaamka, kipakizi hakina budi kusakinishwa tena, la sivyo hali itajirudia.

Si kila kulalamika ni kwa kipakizi. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine yenyewe bila kuagizwa. Menyu hutokea ikiwa na Linux peke yake, na mtu huamini Windows imefutika pamoja na tasnifu. Katika faili ya /etc/default/grub huongezwa mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha hutolewa amri ya update-grub, na Windows hujitokeza pale ilipokuwa siku zote.

Jambo la kuogopwa zaidi ni ufunguo. Baadhi ya mashine za Windows hufunga diski kwa usimbaji wa BitLocker. Akibadilisha mpangilio wa uamshaji salama ili Linux ipite, mtumiaji huenda akadaiwa nambari ya uokozi yenye tarakimu 48. Asiyekuwa nayo huenda asiweze kuyafikia mahojiano yake, na fundi wa Busia au wa Nairobi huenda asimsaidie. Nambari hiyo inakiliwe kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote, na data ihamishiwe diski ya nje. Isitoshe, matoleo ya karibuni ya Ubuntu, Fedora na Debian yana kipakizi chenye saini inayokubalika na uamshaji salama, hivyo kuuzima si lazima kama inavyodhaniwa.

Ukarabati wenyewe, data ikiwa salama, hufuata utaratibu mmoja kwa hitilafu nyingi. Flashi huamshwa kwa njia iliyokusudiwa. Kizigeu cha Linux hupachikwa /mnt, na kile cha FAT, kwa wenye UEFI, hupachikwa /mnt/boot/efi. Folda za dev, proc, sys na run huunganishwa humo, kisha kwa amri ya chroot mtumiaji huingia katika mfumo wake kana kwamba umeamka. Hapo hutoa grub-install na update-grub. Akiona ujumbe wa hitilafu, aunakili neno kwa neno kabla ya kuendelea, kwa kuwa fundi au mwenzake atakayeombwa msaada hatautambua kwa maelezo ya jumla kwamba mashine imekataa. Umeme wa Amukura nao unaweza kukatika katikati ya uandishi wa sekta, hivyo ni busara kazi hii ifanywe betri ikiwa imejaa. Mashine iwashwe mara mbili flashi ikiwa imechomolewa, mara moja kuingia Linux na mara moja kuingia Windows, ndipo flashi itumiwe kwa kazi nyingine.