Mali bila daftari: Kinachozikwamisha biashara za mtandaoni

IJUMAA jioni, jozi moja tu ya viatu vyeusi nambari 39 imesalia katika duka dogo jijini Nairobi. Mteja aliye Nakuru anaiagiza kupitia tovuti ya duka hilo na kulipa papo hapo. Dakika chache baadaye, mwingine wa mtaa wa Umoja anatuma pesa kwa M-Pesa baada ya kuiona picha katika Instagram. Kabla ya duka kufungwa, mpita njia anaingia, anavijaribu, vinamtosha, analipa na kuondoka navyo.

Kufikia Jumamosi asubuhi, mwenye duka ana pesa za wateja watatu na hana kiatu hata kimoja. Wawili kati yao sharti warudishiwe fedha zao, na huenda wasirudi tena.

Mkasa wa aina hii huwakumba wafanyabiashara wengi wanaouza bidhaa zao kupitia njia kadhaa kwa wakati mmoja: duka la mjini, tovuti, WhatsApp, Facebook, na masoko ya mtandaoni kama vile Jumia. Aghalabu shida yao si uhaba wa wateja. Shida ni kwamba kila njia ya mauzo ina daftari lake, ilhali bidhaa ni zile zile.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya mtandaoni, hata mali yenye madaftari matano yasiyopatana hupotea vivyo hivyo.

Kulipa ni rahisi, kufikisha ni kazi

Tangu Safaricom ilipozindua M-Pesa mnamo Machi 2007, kupokea pesa kutoka kwa mteja aliye mbali kumekuwa jambo la sekunde chache. Kufikisha bidhaa, kwa upande mwingine, bado kunahitaji mikono, miguu na magurudumu. Pengo kati ya mambo hayo mawili ndimo ahadi nyingi huvunjikia.

Hata kampuni kubwa zimewahi kunaswa katika mtego huo. Wakati wa Krismasi ya mwaka wa 1999 nchini Marekani, maduka ya mtandaoni yalipokea oda nyingi kuliko uwezo wao wa kuzitimiza. Mnamo Julai 2000, kampuni 7, zikiwemo Toysrus.com na Macys.com, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 1.5 ili kumaliza mashtaka ya tume ya biashara ya nchi hiyo. Zilidaiwa kuahidi siku za kufikisha bidhaa bila kuwa na uwezo wa kufanya hivyo, na kukosa kuwaarifu wateja ipasavyo kuhusu ucheleweshaji. Sheria ya huko ilikuwa wazi: anayechelewa sharti amwarifu mteja na kumpa nafasi ya kufuta oda yake.

Nchini Kenya, Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 nayo ina sehemu inayohusu mikataba inayofanywa kupitia intaneti. Ahadi inayotolewa kwa rununu si maneno matupu.

Hesabu moja ya stoki

Suluhisho la kwanza ni kuwa na hesabu moja ya stoki inayosomwa na njia zote za mauzo. Kila bidhaa hupewa nambari yake ya utambulisho kulingana na aina, rangi na saizi. Kiatu cheusi nambari 39 hakihesabiwi pamoja na cheusi nambari 40, wala na cha kahawia nambari 39.

Kadhalika, kilichomo rafuni si lazima kiwe ndicho kinachoweza kuuzwa. Mathalan, ikiwa rafu ina jozi 12, na 4 kati ya hizo tayari zimeagizwa na zinasubiri kufungwa, zinazosalia ni 8. Mfanyabiashara mwangalifu huweka kando nyingine 2 kama kinga dhidi ya makosa ya kuhesabu. Hivyo basi, mnunuzi wa mtandaoni ataona jozi 6, wala si 12.

Oda inapoingia, bidhaa hutengwa mara moja kwa muda maalumu, labda dakika 30, huku malipo yakisubiriwa. Mteja asipolipa, bidhaa hurejea katika hesabu. Muuzaji wa dukani naye sharti auze kupitia hesabu hiyo hiyo, na kilichotengwa kiondolewe rafuni kisije kikauzwa tena.

Kwa mwenye oda chache kwa siku, jedwali moja kwenye tarakilishi, linalosasishwa kila mauzo yanapofanyika, linatosha. Oda zinapozidi uwezo wa mtu kuandika bila kukosea, programu maalumu huziunganisha njia zote na kupunguza stoki yenyewe. Hata hivyo, programu haiwezi kurekebisha hesabu ambayo ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Ndiyo maana ni heri kuhesabu rafu chache kila siku badala ya kungoja mwisho wa mwaka.

Safari ya oda

Baada ya stoki, jambo la pili ni kujua kila oda imefika wapi. Kwa kawaida oda hupitia hatua sita: kupokewa, kuthibitishwa malipo, kutolewa rafuni, kufungwa, kukabidhiwa msafirishaji na kumfikia mteja. Kila hatua inapaswa kuandikwa saa yake na jina la aliyehusika. Oda isiyojulikana iko katika hatua gani haina tofauti na iliyopotea.

Malipo ndiyo huwachanganya wengi. Mwenye nambari ya Paybill anaweza kumwelekeza mteja aandike nambari ya oda mahali pa nambari ya akaunti. Kwa njia hiyo pesa huingia zikiwa tayari zimefungamana na oda, na karani hahitaji kupekua jumbe akitafuta nani alilipia nini.

Ghalani, bidhaa zinazouzwa sana huwekwa karibu na meza ya kufungia. Badala ya kuzunguka rafu mara kumi kwa oda kumi, mfanyakazi huzikusanya oda kadhaa kwa mzunguko mmoja, kisha huzitenganisha mezani. Mtu wa pili hulinganisha nambari ya bidhaa na ya oda kabla ya mfuko kufungwa. Kosa linalogunduliwa mezani hugharimu dakika moja. Linalogunduliwa Kisumu hugharimu nauli ya kwenda na kurudi.

Kikwazo kingine ni anwani. Nyumba nyingi hazina nambari, na maelezo huwa "karibu na kanisa, lango jeusi". Kwa hivyo wauzaji wengi hutumia bodaboda zinazompigia mteja simu, mabasi yanayobeba vifurushi hadi miji mingine, au vituo ambako mteja huchukua mzigo wake mwenyewe. Njia yoyote itakayotumika, nambari ya stakabadhi ya msafirishaji iingizwe katika oda husika.

Aidha, si busara kumtegemea msafirishaji mmoja pekee. Mnamo 2023 kampuni ya Sendy, iliyokuwa ikitoa huduma za uchukuzi na uhifadhi jijini Nairobi, iliwekwa chini ya wasimamizi. Mwaka uliofuata, Copia, iliyowafikia wanunuzi wa vijijini kupitia mawakala, ilifuata mkondo huo huo.

Zinazorudi

Bidhaa zinazorudishwa husahaulika mno, hasa pale mteja anapolipa baada ya kupokea mzigo na kisha kuukataa. Kiatu kilichorudi hakipaswi kuingia katika hesabu ya mauzo kabla ya kukaguliwa. Kikiwa kizima, kirejee rafuni siku hiyo hiyo. Kikiwa na kasoro, kiandikwe kando. Bidhaa inayokaa wiki mbili kwenye kona ya ghala ni pesa zilizolala.

Lau mwenye duka yule wa Nairobi angekuwa na hesabu moja, jozi ya mwisho ingetengewa mteja wa Nakuru mara tu alipoiagiza, na mpita njia angeonyeshwa kiatu kingine. Mteja wa Umoja angeambiwa kuwa nambari 39 imekwisha kabla hajatuma hata shilingi. Huenda angeudhika kidogo, lakini pesa zake zingesalia kwake, naye angekuwa na sababu ya kuuliza tena mzigo mpya utakapowasili.